Hapana Husemwa Mapema

Hotuba hii tuliitoa mwezi Februari kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili hapa Mafinga, pamoja na wenzao wa darasa la saba waliokuja kwa miguu kutoka shule jirani. Siku ile mvua iliwazuia wengi wa vijiji vya mbali. Tunaiweka yote kama ilivyosemwa, isipokuwa michoro ya ubaoni.

Mkuu wa Shule, walimu wetu, mama matroni, na dada yetu muuguzi uliyetoka kituo cha afya kuja kukaa nasi: shikamooni.

Wadogo zetu, kamwene!

Walio nyuma kule dirishani baridi imewafunga midomo. Kamwene! Haya, sasa tumesikiana.

Sisi ni waelimishaji rika wa kidato cha sita. Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya kuacha ngono mpaka wakati wake ufike. Mnajua hotuba hii husemwaje. Mtu anasimama, anasema "msifanye", anawatisha na UKIMWI, anaketi, mnapiga makofi. Kisha inafika Ijumaa. Umetoka shule, mvua inanyesha, pikipiki inasimama pembeni yako. Je, lile "msifanye" limekwambia useme nini? Limekwambia usimame wapi? Limekwambia ukimbilie kwa nani? Halijakwambia. Leo tunataka kuizungumzia Ijumaa hiyo.

Tuna neno moja la kuwaachia, nalo ni hili: hapana husemwa mapema. Sikilizeni vizuri tusije tukaeleweka vibaya. Hapana ya dakika ya mwisho nayo ni hapana, na asiyeisikia mwenye kosa ni yeye, siyo wewe. Lakini hapana hiyo ndiyo nzito kuliko zote. Upo peke yako, mlango umefungwa, umeshakula chakula chake, giza limeingia. Hapana ya barabarani ni nyepesi. Hapana ya kwenye lifti ya kwanza ni nyepesi zaidi. Tunataka mjifunze kuisema ikiwa bado nyepesi.

Tuanze na geto. Nani hapa amepanga chumba? Inueni mikono, hakuna wa kuwacheka.

Mnaona mikono ilivyo mingi? Vijiji vingine viko mbali na shule ya kata kilomita 10, hata 15. Hosteli haitoshi. Mzazi anaona afadhali mtoto apange karibu na shule kuliko atembee alfajiri kwenye ukungu. Hatumlaumu mzazi huyo. Tunataka kuonyesha tu mahali penye tundu.

Chukueni mfano wa binti wa kidato cha kwanza. Januari baba amemleta na kiroba cha unga kilo 20, maharage kilo 4, mafuta ya kupikia lita 1, chumvi, mkaa nusu gunia, na shilingi 15,000 mkononi. Baba amepiga hesabu yake vizuri: mtu mmoja anakula unga kama nusu kilo kwa siku, kwa hiyo kilo 20 ni siku 40. Baba anapanda gari anarudi kijijini, roho imetulia.

Sasa geto lina maisha yake. Rafiki mmoja hana unga, anakula hapo. Wa pili anakuja kusoma jioni, naye anakula. Watu 3 kwa nusu kilo kila mmoja ni kilo moja na nusu kwa siku. Gawanyeni 20 kwa moja na nusu. Mmepata ngapi? Siku 13! Zile 15,000 zimekwenda kwenye madaftari, mafuta ya kupaka, sabuni na bando. Wiki ya tatu inaanza kiroba kikiwa kitupu, na binti anaona aibu kumpigia baba simu, kwa sababu baba alisema unga utafika siku 40.

Wiki ya tatu ndiyo wiki ya fataki, mtu mzima anayewarubuni wanafunzi. Hatokei siku ya kwanza, wakati kiroba kimejaa. Anatokea wiki ya tatu, na chipsi mayai kwenye mfuko, na maneno ya huruma. "Mdogo wangu, mbona umekonda? Umekula leo?" Je, binti huyu ameshindwa na tamaa ya mwili? Hapana. Ameshindwa na unga.

Ndiyo maana tunasema kusubiri kunaanzia kwenye kiroba. Fanyeni hivi. Nendeni dukani na kikombe chenu, mwombeni muuzaji mizani, mkipime mara moja tu mjue kinabeba unga kiasi gani. Kikombe cha plastiki cha nusu lita hubeba robo kilo na kidogo juu, kwa hiyo viwili kwa siku vinakutosha. Mkila pamoja, kila mtu alete vikombe vyake viwili. Asiye navyo msimfukuze, mpelekeni kwa mwalimu mlezi siku hiyohiyo, maana njaa yake nayo ina mtu anayeiangalia.

Kisha chorea kiroba mstari katikati kwa makaa. Unga ukifika kwenye mstari, tuma ujumbe nyumbani. Usingoje uishe. Kwa nini? Kwa sababu gari la kutoka kijijini kwenu pengine linakuja siku ya gulio tu, mara moja kwa wiki, na mzazi anahitaji siku kadhaa za kukoboa, kusaga na kupata wa kumpa mzigo. Ukipiga simu kiroba kikiwa kitupu, kati ya simu na mzigo kuna siku saba za njaa. Siku saba zinamtosha fataki.

Fedha igaweni kwa wiki kwenye bahasha, na bahasha mpeni mama matroni awatunzie. Anayekaa na fedha yote mkononi huimaliza wiki mbili za mwanzo, hata awe na nidhamu gani.

Na chumba chenyewe? Vyumba vingi vya bei nafuu vina pete ya kufuli kwa nje tu. Ukitoka unafunga. Ukiwa ndani je, unafunga na nini? Mwombeni mzazi, kabla hajaondoka, anunue komeo la ndani. Lifungwe kwa skrubu, si kwa misumari. Komeo la misumari hung'oka kwa bega moja la mtu mzima, na skrubu ndefu iliyoingia kwenye mbao ngumu ya fremu itamchosha mpaka majirani waamke. Kaeni wawili au watatu, msikae mmoja mmoja. Namba ya mama mwenye nyumba iwe kwenye simu yako na kwenye ya mzazi. Na sheria ya mgeni iwe moja kwa wote: mgeni anakaa uani. Awe mwanafunzi mwenzako aliyefuata madaftari, awe binamu, awe rafiki wa kaka. Uani. Ukiwa na sheria moja kwa wote, hutalazimika kumweleza yeyote kwa nini yeye haingii. Ukianza kuchagua nani aingie na nani asiingie, kila mgeni atakuwa kesi ya kujadiliwa mlangoni.

Wazazi mtakaoisoma hotuba hii, tunawaomba kitu kimoja kwa heshima: njooni siku ambayo hamkusema mnakuja. Hata mara moja kwa muhula.

Tumekaa sana kwenye geto kwa makusudi. Sasa twende barabarani.

Kijana wa bodaboda anampa mwanafunzi lifti Jumatatu, kwa sababu ya mvua. Jumanne tena. Wiki ya pili anamwachia vocha ya 500, na siku moja anamnunulia maandazi na soda. Hakuna alichoomba. Wiki ya nne anaomba. Binti anasema hapana, na kijana anasema maneno ambayo wengi wenu mmeshayasikia: "Na vitu vyangu vyote ulivyokula?" Tujumlishe vitu vyake vyote. Lifti siku 20 kwa shilingi 500, vocha 4, soda na maandazi. Haifiki 15,000. Lakini binti anajisikia mdaiwa, na mdaiwa sauti yake hupungua.

Wadogo zetu, hakuna deni hapo. Zawadi haidaiwi. Lifti haidaiwi. Ukishakula chipsi za mtu, umekula chipsi, basi. Hujauza kitu. Ila ni rahisi zaidi kukataa lifti ya kwanza kuliko kukataa baada ya ya ishirini. Tembeeni kwa makundi, kundi la njia moja litoke shuleni kwa wakati mmoja, na mhangaike na mvua pamoja. Ikibidi kupanda pikipiki, lipeni nauli na mpande ile ambayo mzazi au mwalimu anamjua dereva wake.

Na mjue sheria inasemaje, maana fataki anaijua na anaomba ninyi msiijue. Kwa sheria zetu, mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mwanaume anayelala na binti wa chini ya miaka 18 anashtakiwa kwa kubaka, hata akidai binti alikubali, na kifungo si chini ya miaka 30. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016: anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, au kumuoa, ni miaka 30. Wavulana, hili na ninyi linawahusu. Ukiwa kidato cha nne na umetimiza miaka 18, mbele ya hakimu wewe ni mtu mzima, hata kama umevaa sare.

Sasa hapana yenyewe inasemwaje? Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe ni la adabu. Tumelelewa tumwamkie mkubwa kwa heshima, wengine kwa kupiga goti. Tumefundishwa tusimkatalie mkubwa bila kumpa sababu. Basi mtu anapotutaka, tunatafuta sababu ya kumpa, tena ya upole. Tazameni sababu zinavyofanya kazi.

"Sina muda." Anasema: nitakusubiri Jumamosi.

"Naogopa mimba." Anasema: nina kondomu.

"Bado mdogo." Anasema: fulani wa darasa lako mbona yupo na mtu?

"Nina mitihani." Anasema: ikiisha basi.

Mmeona? Kila sababu uliyompa ameigeuza kuwa mlango, na sasa mnajadiliana bei. Sababu ni zako, kaa nazo. Yeye mpe maneno matatu mafupi. La kwanza: "Hapana, sitaki." La pili, akiendelea: "Nimeshasema." La tatu: "Naondoka," na miguu iwe imeshaanza kwenda wakati mdomo unasema. Halafu, kabla jua halijazama, mwambie mtu mzima mmoja. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi wanaiacha, na bila hiyo mtu yule atarudi kesho.

Na uso, wadogo zetu. Tukiona aibu tunacheka. Tunaangalia chini, tunakwaruza ardhi kwa kiatu, tunang'ata kucha. Wewe unajua ni aibu, yeye anasoma ni kukubali. Simama wima, usicheke, mtazame usoni. Mkubwa anastahili shikamoo yake, mpe. Mwili siyo sehemu ya shikamoo. Na hii ni kwa yeyote: jirani, mjomba, mwalimu, kiongozi wa dini, mwenye duka.

Kuna hapana nyingine ngumu zaidi ya ile ya fataki. Ni ile ya kumwambia mtu unayempenda kweli. Kumpenda mwenzako ukiwa na miaka 14 au 15 siyo ugonjwa, na hatutawaambia muone aibu kwa hilo. Ila zungumzeni mapema, mchana, mahali penye watu, mwambiane wazi: sisi hatufanyi ngono, tukutane maktaba au uwanjani, tusikutane chumbani. Akisema "kama unanipenda thibitisha", mjibu: "Kama unanipenda, usiniulize tena." Ndivyo tu. Akiuliza tena, umeshapata jibu lako.

Kaka zetu wadogo, mmetulia kama hotuba hii ni ya wasichana. Tuje kwenu.

Mvulana wa kidato cha pili yupo kijiweni na wenzake. Wanaulizana: "Wewe umeshafanya?" Mmoja anasema ndiyo. Wa pili, kwa kuogopa kuchekwa, anasema ndiyo. Wa tatu vilevile. Wa nne, ambaye ni mkweli, anaonekana mshamba peke yake, kumbe pale kijiweni hakuna hata mmoja aliyefanya. Uongo wa watatu unamsukuma wa nne kwenda kufanya kweli. Wanawekeana dau, wanamtaja msichana kwa jina, na msichana mwenyewe hana habari kwamba ameshakuwa dau la soda. Je, huo ndio uanaume?

Jibu la kijiweni lisiwe refu. "Hilo siyo la kujibu," kisha zungumza mpira. Ukijitetea utachekwa nusu saa. Ukilipuuza litahamia kwa mwingine.

Na ulanzi, pombe ya mianzi. Huu ndio msimu wake, mvua zimekolea na mianzi inatoa. Mtasikia: "Huu ni mtogwa tu, mtamu, watoto wote wanakunywa." Ulanzi huanza kuchacha ukiwa bado kwenye mwanzi. Mtogwa uliogemwa asubuhi una kilevi kidogo, jioni umeongezeka, kesho yake ni mkangafu, yaani pombe kali, na anayekununulia haonyeshi ni wa lini. Kilevi ndicho cha kwanza kuinyamazisha ile hapana. Kwa msichana na kwa mvulana. Kibandani jioni usiende, na kinywaji ulichokiacha mezani ukirudi usikimalizie.

Wavulana wengi hapa mmetahiriwa, wengine mlitahiriwa kwenye kampeni za mkoa. Tohara ni jambo jema: inampunguzia mwanaume uwezekano wa kupata VVU kutoka kwa mwanamke kwa asilimia kama 60. Lakini asilimia 60 siyo 100, na haimkingi msichana. Anayekwambia kwamba baada ya kupona lazima "ukajaribu" anakudanganya. Kidonda chenyewe huhitaji wiki 6 kupona, na baada ya hizo wiki 6 hakuna mtihani wa kufanya.

Sasa tuzungumze mwili, kwa haraka, maana uongo wa mtaani ni mwingi na muuguzi yupo hapa kutusahihisha. Mnaambiwa mara ya kwanza mimba haishiki. Inashika. Mnaambiwa asiyevunja ungo hawezi kupata mimba. Anaweza, kwa sababu yai la kwanza linaweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza, na hakuna anayejua siku hiyo. Mnaambiwa ukiruka au ukioga mara moja mbegu zinatoka. Hazitoki, zimeshapita. Mnaambiwa kuna siku salama. Yai huishi kama siku moja, lakini mbegu za kiume zinaweza kungoja ndani mpaka siku 5, na miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo mzunguko hurukaruka: mwezi huu siku 25, mwezi ujao 40. Siku salama ya nani hapo? Mnaambiwa P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, zipo dukani. P2 hupunguza uwezekano wa mimba tu, na kila saa inayopita nguvu yake inashuka. Haizuii VVU, haizuii kaswende wala kisonono.

Kwa nini mwili wa miaka 14 unapata taabu kwenye kuzaa? Nyonga haijamaliza kukua. Kichwa cha mtoto kinakwama, uchungu unakwenda siku mbili, tatu, nyama iliyobanwa inakufa na kuacha tundu. Hiyo ndiyo fistula: mkojo unatoka wenyewe mchana na usiku. Inatibika kwa upasuaji, na aliyenayo asifichwe ndani. Lakini dada zetu, hata huko msifike.

VVU. Utafiti wa taifa wa 2022 na 2023 ulikuta wastani wa nchi kwa watu wenye miaka 15 na zaidi ni asilimia 4.4. Njombe, jirani zetu: 12.7. Iringa yetu: 11.1. Mbeya: 9.6. Katika watu 100 wazima wa mkoa huu, 11 wanaishi na virusi. Watu wa huku siyo wabaya kuliko wa kwingine. Tuna barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, malori yanalala Ilula, Mafinga, Makambako. Tuna mashamba ya chai na misitu ya mbao inayoleta vibarua mbali na familia zao. Tuna pombe. Na tohara kwa wanaume huku ilikuwa haba kwa miaka mingi. Maana yake kwenu ni kwamba kosa lilelile likifanyika hapa lina hatari kubwa kuliko likifanyika kwenye mkoa wenye asilimia 2.

Tunaomba mtusikie hapa kuliko mahali pengine popote. Miongoni mwenu, kwenye ukumbi huu, huenda wapo waliozaliwa na virusi. Hawakufanya lolote. Wanakunywa dawa kila siku, na anayezinywa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Anayemcheka mwenzake kwa sababu ya dawa anamfanya azifiche. Akizificha atazikosa, akizikosa ataugua. Kwa hiyo mkitusikia tunasema VVU, msigeuze shingo kumtazama mtu.

Wasichana wa miaka 9 hadi 14: ipo chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, sasa ni dozi moja tu, bure. Haimwanzishi mtu ngono wala haimzuii kuzaa. Nendeni mkachanjwe.

Simu. Kijana anaomba picha moja, uvae nguo chache, anaapa ataifuta. Ukituma, ya pili hataiomba kwa upole. Atasema: tuma nyingine au hii naiweka kwenye grupu la darasa. Ikikufika, usitume ya pili, usilipe fedha. Usifute ujumbe, kwa sababu ujumbe ndio ushahidi. Piga picha ya skrini yenye namba yake, mpelekee mtu mzima simu yenyewe. Picha ya utupu ya mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na anayeisambaza anajiingiza mwenyewe. Wewe unayeipokea kwenye grupu usiisambaze, hata kwa kuonyesha jinsi "ilivyo vibaya".

Tunakuja kwenye jambo zito. Tunaomba utulivu, na mwenye kutaka kutoka nje atoke, hatutauliza.

Kuna ambao hapana yao haikusikilizwa. Kama ni wewe, au ni rafiki yako akikwambia usiku mkiwa hosteli, jambo la kwanza: hukukosea. Ulikuwa umevaa nini, ulikuwa wapi, ulikula nini cha nani, hayo hayabadilishi kitu. Jambo la pili ni saa. Zipo dawa za kuzuia VVU kabla havijakamata mwili, zinaitwa PEP, nazo lazima zianzwe ndani ya saa 72, na zikianza mapema zaidi ni bora zaidi. Zinanywewa siku 28 bila kuruka. Saa 72 ni siku tatu. Likitokea Ijumaa jioni, mwisho wake ni Jumatatu jioni, kwa hiyo usingoje Jumatatu ndipo umwambie mwalimu.

Usioge kwanza, ijapokuwa moyo wote utataka kuoga. Nguo zile usizifue, ziweke kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu kwenye plastiki zinapata unyevu na ushahidi unaharibika. Nenda hospitali na mtu mzima unayemwamini. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, ndiko mtapata PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Kituo kikiwa mbali, nendeni hospitali kwanza, muda wa dawa usipotee mkitafuta fomu. Huna mtu mzima wa kumwamini? Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Wavulana pia. Nanyi mnafanyiwa, na ninyi ndio mnaonyamaza zaidi.

Mtasikia ndugu wakisema "tulimalize nyumbani", alete ng'ombe, alete laki kadhaa. Ng'ombe harudishi saa 72. Na aliyemalizana nyumbani mara moja atafanya tena kwa mtoto wa jirani.

Na wewe ambaye umeshaanza, kwa hiari yako, na tangu tuanze kuzungumza umeinamisha kichwa? Hotuba hii ni yako pia. Aliyefanya jana anaweza kuacha leo, na kuacha kwako kunafuata hatua zilezile: kiroba, komeo, lifti, maneno matatu. Ongeza mbili. Nenda ukapime. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, mwenye miaka 15 anapima VVU bila kusubiri ruhusa ya mzazi. Kipimo cha leo huenda kisione maambukizi ya wiki iliyopita, kwa hiyo rudi baada ya miezi mitatu. Pia mwone muuguzi umweleze ukweli, atakwambia juu ya kinga bila kukufokea. Kondomu ikitumiwa vizuri inakinga kwa kiasi kikubwa, hatutawaficha hilo kwa sababu tu tunawaomba msubiri.

Na binti aliyepata mimba asidhani shule imekufa. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliokatiza masomo, hata kwa ujauzito, warudi shuleni baada ya kujifungua. Akirudi akaketi dawati la jirani yako, mpe madaftari anakili.

Sasa tunaacha kuzungumza sisi, mnazungumza ninyi. Kila mmoja amgeukie wa kushoto kwake. Darasa la saba mkae wenyewe kwa wenyewe pale mbele. Mmoja anakuwa dereva, ana chipsi na maneno matamu yote mnayoyajua. Mwingine ana maneno matatu tu, bila sababu hata moja. Ukitoa sababu, umeshindwa raundi, mnabadilishana. Tutafanya raundi nne, dakika mbili kila moja, na waelimishaji watapita katikati yenu kusikiliza sauti zinazopungua.

Boksi la maswali lipo mlangoni, karatasi na penseli vipo juu yake, usiandike jina. Muuguzi atakuwa chini ya mparachichi nyuma ya jiko mpaka saa kumi, na mama matroni atahakikisha hakuna anayepita njia ile asiye na la kumwambia muuguzi.

Wa kushoto, mmegeukiana? Dereva aanze.